Kabla fundi hajaipiga Windows laptopu yako

Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Ofisi yetu ni chumba kimoja: meza mbili, kabati la chuma, mizani ya kupimia kreti, kompyuta ya mezani ya katibu, na laptopu moja yenye hesabu za wanachama 213. Agosti 2024 nilimpelekea fundi laptopu hiyo aipige Windows upya, yaani afute mfumo unaoiendesha na kuuweka tena. Nilikuja kuiamini tena mwishoni mwa Desemba. Katikati hapo nimelipa, nimelia, na nimewaomba radhi wazee waliomzidi umri baba yangu. Naandika kwa sababu karibu kila kilichonikuta kingezuilika kama mtu angenikalisha chini dakika kumi kabla sijapanda daladala kwenda mjini.

Laptopu tuliinunua mpya mwaka 2019 kwa shilingi 1,350,000, ikiwa na Windows 10 Home tayari ndani. Hilo neno Home sikuwahi kulitilia maanani. Kufika 2024 ilikuwa imechoka. Ukiiwasha unaweza kwenda kujaza ndoo bombani ukarudi ndipo inafunguka, feni inavuma muda wote, na chini yake ni moto kiasi kwamba nilikuwa naiwekea daftari ili isiniunguze mapaja. Jumanne moja ya Agosti, kreti zimepangwa nje zikisubiri gari la kiwanda, umeme ukakatika. Betri haikushika. Umeme uliporudi, skrini ikaja ya bluu na kale kauso ka huzuni. Nikaizima nikaiwasha mara tatu, ikarudi vilevile mara zote tatu.

Kiwanda kilikuwa kimeshalipa awamu ya kwanza. Wanachama walikuwa wameambiwa waje Ijumaa.

Fundi niliyemfikia mjini ni kijana mpole, na sitaki asomeke hapa kama mtu mbaya. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akaiwasha mashine na kuitazama kidogo. Hakufungua skrubu hata moja.

“Mama, windo imekufa hii. Inapigwa upya tu. Elfu thelathini, jioni unachukua.”

Akaniuliza kama nina vitu vyangu muhimu ndani. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba vyote viko diski D. Akasema basi D hataigusa, anafuta C peke yake, ile sehemu ya diski yenye Windows. Nikaona ni mtu makini, nikaenda zangu Majengo sokoni kununua mahitaji ya nyumbani.

Jioni niliikuta inapendeza. Inawaka haraka, Word ipo, Excel ipo, picha ya mbele ni mpya. Kwenye diski D barua zote zilikuwepo, mihtasari ya vikao ilikuwepo, na picha za mkutano mkuu. Nikarudi nayo nyumbani nimeridhika. Usiku, baada ya watoto kulala, nikatafuta programu ya uhasibu ili niandae mgao. Haikuwepo. Hilo nilikuwa nimelitegemea. Programu ikifutwa inawekwa tena, na flashi yake ninayo. Nikaiweka. Ikafunguka tupu. Hakuna mwanachama hata mmoja, hakuna kilo hata moja ya zabibu.

Miaka mitano nilikuwa naamini hesabu zetu zinakaa kwenye folda niliyoitengeneza mwenyewe kule D, kwa sababu ripoti zikitoka ndiko nilikozihifadhi. Ripoti, ndiyo. Lakini daftari lenyewe, ule mfumo unaoshika kila stakabadhi, programu ilikuwa inalihifadhi kwenye folda yake yenyewe ndani ya diski C, folda ambayo kwa kawaida hata haionekani mpaka uagize Windows ionyeshe vilivyofichwa. Fundi aliniuliza swali sahihi. Mimi ndiye niliyejibu kitu nisichokijua. Kwa hiyo, ukiulizwa “una vitu muhimu?”, usijibu kwa kuangalia folda zako. Hesabu programu unazotumia kazini, moja moja, halafu kwa kila moja uliza: data yake inakaa wapi? Kama hujui, tumia kitufe cha kutoa nakala kilicho ndani ya programu yenyewe, uhamishie nakala hiyo kwenye flashi, kisha uifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli inafunguka.

Nilikuwa na nakala moja kwenye flashi, ya tarehe 30 Juni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale kitandani. Julai yote na nusu ya Agosti ningeingiza upya kutoka kwenye vishina vya stakabadhi.

Kumbe hata hapo nilikuwa sijafika. Programu ilipotaka namba ya leseni nikaiandika kutoka kwenye karatasi, ikanijibu kwamba leseni hii imeshafikisha idadi ya kompyuta inazoruhusiwa. Tulinunua leseni ya kompyuta mbili. Ya kwanza ilihesabiwa kwenye laptopu ya zamani ya chama, iliyokufa mwaka 2021 na ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Ya pili ilihesabiwa kwenye laptopu hii hii, lakini kabla haijafomatiwa. Kwa programu, mashine niliyokuwa nimeipakata sasa ilikuwa kompyuta ya tatu. Kama ningeingia kwenye mipangilio yake kabla ya kufomati nikabonyeza sehemu ya kuachia leseni, nafasi ingerudi. Ni kazi ya dakika moja, na inahitaji mashine iwe inawaka. Ndiyo maana jambo hili halifai kungoja siku ya ugonjwa. Leseni ya kompyuta inayozeeka iachie mapema, ikiwa bado inapumua.

Ijumaa wanachama walikuja. Nakumbuka mzee mmoja aliyetangulia kufika, akakaa chini ya mwarobaini wetu, amevaa koti ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Nilipomwita alitoa stakabadhi zake kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba, akazinyoosha moja moja juu ya meza kwa kiganja. Kilo 118. Kilo 204. Kilo 97. Makaratasi laini kama kitambaa kwa kukunjwa, lakini kila namba inasomeka. Aliniambia, “Mwanangu, mimi zangu ni hizi, wewe angalia zako.” Mimi sikuwa na zangu. Nikajumlisha za kwake kwa kikokotozi cha simu, nikaandika kwenye daftari la shule, nikamwomba asaini, nikamwambia fedha itaingia wiki ijayo tukishalinganisha na vishina. Hakunilaumu. Alikunja makaratasi yake, akafunga raba, akaondoka. Ningependa zaidi kama angenigombeza.

Wauzaji wa programu walikubali kuturudishia nafasi moja ya leseni, ila kwa utaratibu: barua yenye muhuri wa chama, nakala ya risiti, na namba ya leseni. Risiti ilikuwa ya mwaka 2018, ya mhasibu aliyenitangulia. Niliitafuta siku mbili, nikaikuta imebanwa nyuma ya hati ya malipo ya mbolea. Kwa jumla zilipita siku 6 kabla programu haijafunguka, na nyingine 9 za kuingiza stakabadhi kwa mkono, nikianza saa kumi na moja alfajiri. Mgao ulichelewa zaidi ya wiki mbili. Kuna mwanachama alikopa kwa riba kwa ajili ya ada ya mtoto wakati fedha yake iko benki, imekwama kwa ajili yangu.

Nilidhani yameisha. Mwishoni mwa Septemba niliichomeka flashi ya ofisi nikakuta folda zote zimegeuka kuwa vile vialama vyenye kamshale, ukibonyeza havifunguki. Kila aliyewahi kuchapisha kitu steshenari anavijua virusi hivi. Nilichoshangaa ni kwamba zamani laptopu ilikuwa inavikamata yenyewe. Nikaangalia ulinzi wa virusi: umezimwa. Nikaweka antivairasi ya bure. Ikasafisha, na pamoja na virusi ikafuta faili moja ambalo sikulijua. Kesho yake kona ya chini kulia ya skrini ikatokea maandishi ya kijivu kwamba niamilishe Windows, yaani nithibitishe leseni yake, na Excel ikawa inanifungulia jedwali nilisome tu, haikubali niandike.

Faili lile lilikuwa kraki ya fundi, programu ya kuiamilisha Windows bila leseni. Nilikuja kuelezwa baadaye jinsi inavyofanya kazi, na nadhani kila mwenye ofisi anapaswa kulielewa hili. Taasisi kubwa zenye kompyuta nyingi huwa na seva ya ndani inayothibitisha leseni za Windows; uthibitisho wake hudumu siku 180 na kompyuta huendelea kuuhuisha kimyakimya. Kraki ya aina niliyowekewa inajifanya ni seva hiyo. Inakaa ndani ya mashine yako na kuidanganya Windows kwamba iko kwenye taasisi yenye mkataba. Ili ikae, ulinzi wa virusi lazima uzimwe au uambiwe usiiguse. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya kraki, virusi navyo vinapita hapohapo. Mimi nilikuwa nafanya malipo ya wanachama kwenye mashine hiyo.

Hapo nikafanya kosa la kununua. Kwenye kundi moja la WhatsApp kulikuwa na mtu anauza “ufunguo halali wa Windows Pro, wa maisha” kwa shilingi 35,000. Nikamtumia, akanitumia herufi na tarakimu 25, makundi matano ya tano tano. Nikaziingiza, maandishi yakaondoka. Kwa wiki kama saba nilikuwa na amani. Desemba yakarudi. Nikampigia simu, haipatikani. Funguo za namna hiyo mara nyingi ni za mikataba ya taasisi; ufunguo mmoja una idadi ya kompyuta unazoruhusiwa kuamilisha, na wajanja huuza uleule kwa watu wengi mpaka ukazuiwa. Kuingia kwa ufunguo kwenye mashine siku ya kwanza hakuthibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Na niseme hili, maana lingeniokoa ile 35,000: Windows 10 isiyoamilishwa haijizimi. Inakukumbusha, inakunyima kubadili picha na rangi, lakini inafanya kazi. Nilikuwa na muda wa kutulia na kuuliza. Niliogopa maandishi ya kijivu kuliko nilivyopaswa.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mtoto wa dada yangu, anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja likizo ya Krismasi, nikamweleza yote tukiwa jikoni. Hakusema mengi. Aliomba laptopu, akafungua kidirisha cheusi cha amri, akaandika slmgr /dli, amri ya kuonyesha aina ya leseni. Kikatokea kisanduku, ndani yake neno VOLUME_MAK, yaani ufunguo wa mkataba wa taasisi.

“Mamdogo, hii laptopu mliinunua dukani mpya?”

“Mpya. Risiti ninayo.”

“Ikiwa na Windows?”

“Nayo.”

Akaandika mstari mwingine mrefu, ule wa kusoma ufunguo ulioandikwa kiwandani, na neno lake la mwisho ni OA3xOriginalProductKey. Chini yake zikajitokeza herufi 25 ambazo sijawahi kuziona maishani mwangu. “Huu ndio ufunguo wenu,” akasema. “Umeandikwa ndani ya mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, tangu kiwandani. Haukuondoka hata siku moja.”

Nilikaa kimya. Miezi minne nilikuwa nahangaika kununua kitu nilichokuwa nimekipakata.

Mashine zilizouzwa na Windows 7 au za kabla yake zilikuwa na stika ya ufunguo, mara nyingi chini ya laptopu au ubavuni mwa kompyuta. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa walianza kuuandika ufunguo ndani ya chipu ya mazabodi. Ndiyo maana hukuti stika na unadhani huna leseni. Tatizo ni kwamba leseni yetu ni ya Home, na fundi aliweka Pro kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi yake. Leseni ya Home haiamilishi Pro. Angeweka Home, ingejiamilisha yenyewe ikiguswa na intaneti, bila kraki, bila kuzima ulinzi, bila senti. Swali moja tu, “mashine hii ilikuja na toleo gani?”, mimi sikulijua jibu lake na yeye hakuliuliza.

Baadaye nilimweleza mwenyekiti wetu kwa lugha ya shambani, na naona ndivyo ninavyoelewa mwenyewe. Leseni inayokuja na mashine ni kama mzabibu: umepandwa, unakaa na shamba lake, huwezi kuung'oa ukaupeleke kwa jirani. Leseni unayoinunua peke yake dukani ni kama jembe: unahama nalo ukibadili shamba, ila halilimi mashamba mawili kwa wakati mmoja. Leseni ya taasisi ni kama kadi ya uanachama wa chama chetu, ambayo hauwezi kumuuzia mpita njia. Mwenyekiti aliuliza tu, “Kwa hiyo sisi tuna mzabibu?” Nikamwambia tunao.

Kazi yenyewe ya kuiweka upya tuliifanya tarehe 27 Desemba, kuanzia asubuhi. Kabla ya yote kijana alifungua skrubu za chini. Feni ilikuwa imejaa vumbi limeshikana kama pamba, lile vumbi letu jekundu la kiangazi ambalo hata ukifunga madirisha linapita. Alilitoa kwa brashi ya rangi. Kisha akapima diski, ikaonekana ina sehemu mbovu. Ndipo nilipoelewa kwamba ile skrini ya bluu ya Agosti huenda haikuwa ugonjwa wa Windows hata kidogo. Kupiga Windows upya kuliificha homa kwa muda. Mwambie fundi afungue, asafishe, apime diski na ramu kwanza. Kama hataki, nenda kwa mwingine. Tulinunua diski mpya ya aina ya SSD ya GB 256 kwa shilingi 70,000. Nilihofu kwamba tukibadili diski leseni itapotea. Haipotei, kwa sababu haikai kwenye diski.

Nakala tulizitoa mbili, flashi na diski ya nje, na tukazifungua kwenye laptopu yake kuhakikisha. Leseni ya programu ya uhasibu tuliiachia, nikapiga picha ya ujumbe wa uthibitisho. Flashi ya kusakinishia aliitengeneza chuoni kwa programu ya bure inayopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Inataka flashi ya angalau GB 8, na kila kilichomo kinafutwa, kwa hiyo usitumie ile yenye picha za harusi. Kama huna intaneti ya kutosha, jua kwamba unapakua GB kadhaa. Pangia bando la usiku.

Tulikwama mara moja. Fundi wa kwanza alikuwa amebadili namna ya kuwaka kwenye bayosi, ile mipangilio ya kuwashia mashine, kuwa ya kizamani, na kijana alitaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Hapa akanionya jambo ambalo lilimkuta mwanafunzi mwenzake: laptopu nyingi za siku hizi hufunga diski kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na ukigusa bayosi inadai tarakimu 48 za kufungulia. Kama hukuzihifadhi, data imekwenda. Mara nyingi tarakimu hizo huwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia ulipoanza kutumia mashine. Zitafute kabla, mashine ikiwa nzima. Yetu haikuwa imefungwa.

Baada ya hapo usakinishaji haukuuliza ufunguo wala toleo. Ulisoma wenyewe kwenye mazabodi, ukachagua Home. Dakika kama ishirini na tano. Tukawasha intaneti ya simu, tukafungua sehemu ya kuamilisha, na pale palipokuwa na maandishi mekundu pakaandikwa kwamba Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali. Kijana akaandika tena slmgr /dli nione mwenyewe: OEM_DM, yaani leseni iliyokuja na mashine. Nikamwambia dada yangu kwamba mtoto huyu chakula chake Krismasi zote zijazo ni juu yangu.

Excel hatukuirudisha. Hatukuwa na leseni yake, na mimi ni mtu ninayekaguliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Tumeweka LibreOffice, programu za ofisi za bure. Majedwali yangu mengi yalifunguka vizuri, mawili yenye fomula ndefu ilibidi niyatengeneze upya, na ilinichukua wiki kuzoea vitufe vilipo.

Gharama nilizoweza kuzihesabu: fundi 30,000, ufunguo wa WhatsApp 35,000, SSD 70,000, nauli za kwenda na kurudi mjini 24,000, bando na simu kama 20,000. Jumla 179,000. Katika hizo, iliyokuwa ya lazima ni SSD peke yake.

Januari 2025 radi ikapiga jirani na ofisi, kompyuta ya mezani ya katibu ikaungua mazabodi. Fundi mwingine akaweka mazabodi ya mtumba, mashine ikawaka, na Windows ikasema haijaamilishwa. Safari hii nilijua sababu bila kuuliza: mzabibu uliungua na shamba lake. Kama leseni ile ingekuwa ya kununuliwa dukani na imeunganishwa na akaunti, tungeihamishia kwenye mazabodi mpya kupitia akaunti hiyo. Ya kwetu ilikuja na mashine. Bei ya leseni mpya ilikuwa kubwa kuliko thamani ya kompyuta yenyewe, na katibu kazi yake ni kuandika barua na kuchapisha. Tukaweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao ni bure na hauna ufunguo. Printa iliikubali siku ileile. Programu ya uhasibu haiingii humo, na katibu alinung'unika karibu mwezi mzima kwamba barua zake zinabadilika mistari akizituma kwa watu wenye Word. Sasa anatuma PDF.

Kwenye kabati la chuma kuna bahasha ya kaki. Ndani yake kuna risiti za mashine zote, ufunguo wa laptopu ulioandikwa kwa mkono, toleo lake, namba ya leseni ya uhasibu, barua pepe ya akaunti, na karatasi inayoonyesha leseni ipi iko kwenye kompyuta ipi. Mimi na katibu tumesaini juu. Akija mhasibu mwingine hatafuti nyuma ya hati ya mbolea.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Laptopu yetu ina prosesa ya kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo ilikubali Windows 11, na leseni ileile ya Home ikatosha bila malipo. Nilifanya mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, kijana akiwa kwenye simu tu. Nakala mbili kwanza, nikazifungua. Leseni ya uhasibu nikaiachia. Flashi ya programu mkononi, bahasha mezani. Ilipomaliza nikaiwasha programu, nikaandika namba, nikasubiri huku nimeshika kikombe cha chai ambacho nilisahau kukinywa. Ikaandika: kompyuta 2 kati ya 2. Nikafungua orodha ya wanachama, nikashuka hadi kwa yule mzee wa mwarobaini, nikahesabu kilo zake za msimu uliopita moja moja. Zilikuwepo zote.